Mtini haukujiongezea mwaka

 

 Jumapili ya tatu ya Kwaresima ya mwaka 2025 Wakatoliki walisomewa Injili ya Luka 13:1-9, na ndugu wa madhehebu mengine nao wanaujua vizuri mfano uliomo. Mtu mmoja alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Kwa miaka mitatu amekuwa akija kutafuta matunda na kuondoka mikono mitupu. Akamwagiza mtunza shamba aukate, maana unaharibu ardhi bure. Mtunza shamba akamsihi auache mwaka mmoja zaidi. Ataupalilia na kuutia samadi. Ukizaa, heri, usipozaa, basi na ukatwe.

Mfano huu kwanza unatuhusu mimi na wewe. Bwana ametupa muda wa kutubu, na muda huo una mwisho. Asiwepo mtu wa kuusikia kanisani na kuwafikiria wanasiasa tu, akajisahau yeye mwenyewe.

Lakini tuutazame tena kwa makini, kwa sababu una fundisho juu ya kitu ambacho majirani zetu wamekigombania sana miaka ya karibuni, nacho ni muda wa kukaa madarakani. Katika mfano huu muda uliongezwa, ila tazama ulivyoongezwa. Aliyeombwa ni mwenye shamba. Aliyeomba alikuwa na mpango wa kazi, jembe na samadi. Alichoomba ni mwaka mmoja, tena kwa sharti: matunda yasipoonekana, shoka lifanye kazi yake. Na mtini wenyewe haukusema neno. Haukujiongezea mwaka.

Mwezi Oktoba mwaka 2025 Watanzania tulipiga kura ya Rais, wabunge na madiwani. Wengi huzungumza juu ya Rais, kiasi juu ya mbunge, na juu ya diwani karibu hawazungumzi kabisa. Ndiyo maana nimeona leo tutafakari kipindi cha huyu mdogo: kilitoka kwa nani, nani anaweza kukirefusha, na Mkristo ana wajibu gani hapo katikati.

Kura iliyopigwa Kampala

Desemba 2017 Bunge la Uganda lilijadili muswada wa mbunge Raphael Magyezi. Dunia nzima iliufahamu kama muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa mgombea urais. Ndani ya mjadala likaongezwa jambo ambalo halikuwemo mwanzoni: kipindi cha Bunge kitoke miaka 5 kiwe 7, na mabaraza ya serikali za mitaa nayo yapate miaka 7. Tena nyongeza hiyo ianze na hao hao waliokuwa wamekaa kwenye viti, waliochaguliwa na wananchi mwaka 2016 kwa miaka 5. Desemba 20 zaidi ya wabunge 300 walikubali. Kabla mwaka haujaisha Rais akatia saini.

Tafakari kilichotokea. Mkulima wa kijijini alipiga kura mwaka 2016 akijua kwamba ataulizwa tena mwaka 2021. Akiwa shambani kwake, bila kuulizwa, akaambiwa kwamba kura yake ile sasa inafika mpaka 2023. Aliyebadilisha mkataba ni yule aliyeajiriwa.

Wananchi na mawakili wakaenda mahakamani. Julai 26, 2018, katika mji wa Mbale, majaji watano wa Mahakama ya Katiba walisoma hukumu yao. Juu ya umri wa mgombea urais waligawanyika, wanne wakaukubali muswada na mmoja akaukataa. Juu ya miaka 7 hawakugawanyika. Wote watano waliifuta, ya wabunge na ya mabaraza ya mitaa pia. Ukiisoma hoja yao kwa lugha nyepesi ni hii: madaraka ni ya wananchi, nao walimkabidhi mwakilishi miaka 5, kwa hiyo mwakilishi hana mamlaka ya kujipimia mingine.

Majaji wale hawakuwa wakihubiri, lakini walichokisema Mtakatifu Luka alishakiandika: mtini haujiongezei mwaka.

Tusifikiri hayo ni ya Uganda peke yake. Kenya, mwaka 2024, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka muswada wa kubadili miaka 5 kuwa 7 kwa Rais, magavana, wabunge na hata wawakilishi wa wadi, ambao kwetu ni sawa na madiwani. Wakenya waliimiminia Seneti maoni ya kuukataa, na maaskofu Katoliki wa nchi hiyo nao wakaupinga hadharani katika tamko lao la Novemba mwaka huo.

Na hapa nyumbani? Septemba 2017 Juma Nkamia, wakati huo mbunge wa Chemba, alitangaza nia ya kupeleka bungeni hoja binafsi ili kipindi cha Bunge kitoke miaka 5 kiwe 7. Mjadala ukawaka, ukamgusa na Rais. Januari 2018 Rais John Magufuli, kupitia kwa Katibu Mwenezi wa CCM wa wakati huo, Humphrey Polepole, aliwaambia wanachama na Watanzania kwamba mjadala huo uachwe na kwamba hana nia ya kuongeza kipindi. Hoja ikafa. Tunashukuru. Lakini ona kwamba iliuawa na neno la mkubwa mmoja. Mwananchi wa kawaida hakupata nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

Muda unavyorefuka bila kura

Ipo njia nyingine ya kurefusha muda, isiyo na kelele. Turudi Uganda kidogo, tushuke kijijini.

Viongozi wa vijiji vya Uganda, wale wa baraza la ngazi ya chini kabisa, walichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchaguzi uliofuata ulikuja Julai 10, 2018, wananchi wakipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Katikati ya hapo ilipita miaka ipatayo 17. Sababu zilitajwa nyingi: kesi, sheria kubadilika, fedha hazipo. Kijana aliyezaliwa mwaka wa uchaguzi ule wa kwanza alikaribia kutimiza umri wa kupiga kura bila kuona kijiji chake kikichagua mwenyekiti. Viongozi waliochaguliwa Julai 2018 walimaliza miaka 5 yao Julai 2023. Hawakuchaguliwa wengine, muda wao ukaongezwa kwa miezi, kisha ukaongezwa tena. Na Waziri wa Serikali za Mitaa aliyetangaza nyongeza hizo ni Raphael Magyezi, mwenye muswada ule wa 2017.

Sisi tulipitia la kwetu, tofauti kidogo. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani na kuzivunja halmashauri. Kwa karibu miaka kumi wilaya hazikuwa na madiwani wa kuchaguliwa wenye halmashauri yao. Mijini huduma zilidorora mpaka mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Sheria za 1982 zikarudisha halmashauri nchi nzima, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka huo huo, alisema kwamba kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyarudia. Maneno ya kiungwana hayo, kutoka kwa mtu mzito.

Leo Katiba yetu, Ibara ya 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kusema kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini tofauti na Rais na Bunge, ambao vipindi vyao vimetajwa ndani ya Katiba, kipindi cha diwani cha miaka 5 kimewekwa na sheria za kawaida. Sheria ya kawaida hubadilishwa kwa kura za kawaida za Bunge, asubuhi moja. Muda wa mkubwa umefungiwa kabatini, wa mdogo uko mezani.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hatulifahamu. Diwani akifukuzwa na chama chake, kiti kinamtoka. Sisi tuliompigia kura hatuna njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya miaka 5, hata akitutelekeza. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza wananchi wapewe uwezo wa kumwondoa mbunge, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 mapendekezo hayo hayakuonekana tena. Kwa hiyo leo, kwa mwananchi wa kata, silaha pekee ni tarehe ya uchaguzi. Ukimwongezea diwani miaka miwili umemnyang'anya mwananchi silaha yake pekee kwa miaka miwili.

Wanaotaka miaka 7 wana hoja gani?

Tuwe wa haki, maana kumshuhudia mwenzako uongo ni dhambi hata katika siasa. Wanaotaka vipindi virefu wana hoja. Wanasema uchaguzi unakula fedha ambazo zingejenga madarasa. Wanasema mwaka wa kwanza diwani anajifunza, mwaka wa mwisho anafanya kampeni, na inabaki mitatu ya kazi. Wanasema miradi mikubwa haiishi ndani ya miaka 5.

Hoja ya kwanza ina uzito. Uchaguzi ni gharama, na fedha ni kodi yako na yangu. Lakini hata mwenye shamba aliingia gharama kuja kukagua kila mwaka. Asiyekagua shamba ili kuokoa nauli atapoteza shamba. Hoja ya pili inalenga mahali pasipo: anayetumia mwaka mzima kujifunza na mwaka mzima kufanya kampeni amepewa muda wa kutosha, ila anautumia vibaya. Na hoja ya tatu inasahau kwamba mradi ni wa halmashauri. Diwani mmoja hana mradi wake. Daraja lililoanzwa na diwani wa jana linamalizwa na wa kesho, kama Musa alivyowafikisha watu ukingoni na Yoshua akawavusha.

Pima pia kwa maisha ya mtoto. Kwa utaratibu wa shule tuliokulia nao, mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku diwani anaapishwa yuko darasa la tano diwani anapomaliza miaka 5. Mzazi ana nafasi ya kusema: darasa la mwanangu halina dari, tubadilishe. Kwa miaka 7 mtoto huyo anamaliza shule ya msingi yote chini ya dari hilo hilo.

Na ikiwa kweli wananchi wanaona miaka 5 haitoshi? Basi waulizwe wao. Jibu liwe la mwenye shamba, na liwahusu watakaochaguliwa baadaye, si walioko kwenye kiti. Anayeipigia kura nyongeza asiwe ndiye anayeila. Kwa sharti hilo ungeona wangapi wataendelea kuitaka.

Tushuke Visiga

Chukua kata ya Visiga, katika Halmashauri ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani. Kwa msafiri wa Barabara ya Morogoro ni mahali anapopita akielekea Mlandizi. Kwa Wakatoliki ni jina la heshima, maana ndipo ilipo Seminari ya Mtakatifu Maria, iliyowalea mapadre wengi wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Mji unasogea upande huo. Mashamba ya jana leo yanapimwa viwanja.

Mambo yanayomgusa mkazi wa hapo asubuhi mpaka jioni yanaamuliwa wapi? Barabara ya ndani ya mtaa, zahanati, soko, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: haya yanapita kwenye Baraza la Madiwani. Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani. Chini yake yuko mwenyekiti wa mtaa, ambaye tulimchagua Novemba 27, 2024, na ambaye barua yake unaihitaji ukitaka kumdhamini mwanao au kuuza kiwanja. Mtu huyu anaijua ardhi ya familia yako kuliko waziri yeyote.

Yethro alilijua hili. Katika Kutoka 18 alipomkuta Musa anaelemewa, hakumshauri aongeze masaa ya kazi. Alimwambia awaweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wanaochukia rushwa. Wale wa makumi ndio wenyeviti wetu wa mitaa. Sifa alizozitaka Yethro hazikuwa za wakubwa tu. Alizitaka mpaka chini, kwa sababu alijua kwamba watu wengi hukutana na serikali kwa mara ya kwanza pale kwenye kumi.

Basi nikuulize wewe msomaji, uwe wa Visiga au wa kata yako yoyote: diwani wako anaitwa nani? Mkutano wa mtaa wa mwisho ulihudhuria lini? Umewahi kusikia mapato na matumizi yakisomwa, nawe ukauliza swali moja? Mwenye shamba katika Luka alikuja miaka mitatu mfululizo. Ndiyo maana alikuwa na haki ya kusema kwamba hakuna matunda. Asiyekwenda shambani hajui kama mti umezaa au haukuzaa. Siku ya kura atachagua kwa kofia na fulana.

Nasi kanisani

Sasa tujitazame wenyewe, maana hukumu huanza nyumbani mwa Mungu. Tuna jumuiya ndogo ndogo, halmashauri za walei, mabaraza ya wazee wa kanisa, kamati za ujenzi, viongozi wa kwaya. Karibu zote zina katiba, na katiba ina kipindi. Kinatokea nini kipindi kikiisha? Mara nyingi mtu mmoja anasimama na kusema, "Jamani, mwenyekiti wetu anafanya vizuri, tumwongezee." Watu wanapiga makofi, mkutano unafungwa, tunakunywa chai. Hesabu ya michango ya ujenzi haijasomwa. Aliyetaka kuuliza ameogopa kuonekana mkorofi mbele ya ndugu.

Hayo makofi ni kura ya kuongeza muda. Hayana tofauti kubwa na ile ya Kampala, ila sisi tuliimba kwanza. Kijana anayekulia katika kanisa la namna hii, ambako kiongozi hutoka akifa au akihama, atashangaa nini akimwona diwani hataki kutoka?

Samweli anatupa njia iliyo bora. Katika 1 Samweli 12, akiwa mzee mwenye mvi, aliwasimamisha Israeli wote na kuwataka wamshuhudie mbele za Bwana: ni ng'ombe wa nani amemtwaa, ni nani amemdhulumu, ni kwa mkono wa nani amepokea rushwa. Watu wakajibu kwamba hakuna. Huyu ni nabii, aliyewekwa na Mungu tangu utotoni. Hata hivyo hakusema kwamba hesabu yake iko mbinguni. Aliitoa uwanjani, kwa watu, wakati angali hai na wao wanaweza kumjibu. Na ikumbukwe kwamba wanawe, aliowaweka kuwa waamuzi Beer-sheba, walipokea rushwa, na wazee wa watu hawakunyamaza. Walimwendea wakamwambia.

Nini cha kufanya, basi? Nakuachia matatu. La kwanza, jumuiya yako ikikutana wiki hii, someni katiba yenu mjue kipindi cha viongozi wenu kinaisha lini, na hesabu isomwe kabla ya makofi. La pili, hudhuria mkutano ujao wa mtaa au kijiji na uulize swali moja kwa heshima: kitu gani kiliahidiwa, na kiko wapi? La tatu, kabla ya uchaguzi wajue wanaotaka udiwani wa kata yako kwa majina na kwa matendo, na usimpe mtu kura kwa sababu ya kabila, dhehebu au sahani ya pilau.

Na wewe uliye diwani au mwenyekiti unayesoma haya, wapo wengi wenu kwenye mabenchi ya mbele kila Jumapili, siandiki kukuvunja moyo. Kazi yako ni ngumu na shukrani ni chache. Lakini ukiona muda haukutoshi, fanya alivyofanya mtunza shamba. Nenda kwa mwenye shamba, umwonyeshe jembe na samadi, mwambie utafanya nini na kwa muda gani, kisha ukubali jibu lake. Akikupa, zaa matunda. Akikunyima, kabidhi funguo kwa amani, maana ardhi si yako.

Tuombe. Ee Bwana uliye mwenye shamba, umetupa muda ambao hatukuustahili. Utufundishe kuzihesabu siku zetu. Uwape viongozi wetu, wa makumi na wa maelfu, moyo wa kutoa hesabu wangali wanaweza kuulizwa. Utupe sisi ujasiri wa kuuliza bila chuki, na unyenyekevu wa kuulizwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.